Waliokatwa titi waelezwe habari za mkono



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalowasumbua akina mama waliofanyiwa operesheni ya saratani ya titi, nalo ni kuvimba mkono.

Tunahimizwa sana tujichunguze matiti na kuwahi hospitali, na kila mwezi wa Oktoba redio hulirudia jambo hilo asubuhi na jioni. Ni vizuri. Lakini mama akishawahi, akakatwa titi na kidonda kikapona, hurudishwa nyumbani kana kwamba habari imekwisha. Mimi nilikatwa titi la kushoto mwaka 2019. Siku ya kuruhusiwa nilipewa vidonge vya maumivu na tarehe ya kurudi. Juu ya mkono sikuambiwa hata neno moja. Baada ya miezi minane pete haikuvuka tena kidoleni, na blauzi zikawa zinanibana upande mmoja tu.

Majirani hawakukosa la kusema. Wengine walisema ni matende, wengine kwamba nimerogwa, na mmoja akanielekeza kwa mganga nikachanjwe ili maji yatoke. Sikwenda. Muuguzi mmoja mstaafu ndiye aliyenifahamisha. Madaktari wanapoondoa titi, mara nyingi huondoa pia tezi za kwapani, kwa kuwa ugonjwa hupitia huko unapoenea. Tezi hizo ndizo zinazochuja majimaji yanayotoka mkononi. Zikiondolewa, au zikipigwa mionzi, njia hupungua na majimaji hujikusanya. Uvimbe waweza kuanza baada ya miezi, hata miaka. Kwa hiyo waliotaja matende hawakuwa mbali sana, maana matende nayo ni njia hizo hizo zilizoharibika, ila huko huharibiwa na minyoo inayoletwa na mbu.

Na hapo ndipo ninaposhangaa. Sisi wa pwani tumefundishwa kutunza mguu wenye matende: kuuosha kwa sabuni kila siku, kuukausha hasa katikati ya vidole, kuuinua, kuuchezesha, kutibu kila mchubuko. Mkono wangu unataka mambo hayo hayo. Elimu ipo, basi kwa nini haivuki kutoka wodi moja kwenda nyingine? Chale za mganga ni hatari, kwa sababu mkono wa namna hii hushikwa na vijidudu upesi. Ukiwa mwekundu na wa moto, na homa ikapanda, ni kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna hili pia la ndugu zetu kutukataza kushika kitu chochote. Wanafanya kwa huruma, siwalaumu. Dada yangu alininyang'anya hata ufagio. Lakini bega lisilochezeshwa hukakamaa mpaka mtu ashindwe kujifunga kanga. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wanawake 141 wenye mikono iliyovimba baada ya saratani ya titi. Nusu yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa juma, wakianza na vyepesi na kuongeza polepole, mwanzoni chini ya uangalizi, huku wamevaa soksi ya kubana mkono. Baada ya mwaka mmoja mikono yao haikuwa imevimba kuliko ya wenzao, na nguvu zilikuwa zimeongezeka. Sisemi mtu atoke wodini akabebe ndoo ya lita 20. Aanze na kidogo, kwa kuelekezwa. (Soksi zenyewe nimezitafuta katika maduka ya dawa ya mji wetu bila kuziona.)

Naiomba Wizara ya Afya iagize kwamba kila mama anayeruhusiwa baada ya operesheni hii apewe karatasi moja ya Kiswahili yenye picha za mazoezi ya bega, dalili za hatari, na mahali pa kwenda akiziona. Mikono yote miwili ipimwe unene kabla ya operesheni na kila anaporudi kliniki, ili uvimbe ujulikane mapema kabla ngozi haijawa ngumu. Kazi hiyo haihitaji mashine. Futi ya fundi cherehani inatosha, nami ninazo tatu hapa dukani.

Mama Mshonaji,
Tanga.