Ituri: Akili bandia isahihishe barua, isimtoe mwenye kusema

Siku hizi, mwenye simu na megabaiti kidogo anaweza kuomba akili bandia, kama vile ChatGPT, imsahihishie barua, ripoti ya kikundi ao habari ya kusomwa kwenye redio. Ni msaada mkubwa, zaidi kwa yule ambaye hakupata bahati ya kumaliza masomo. Lakini iko hatari moja: barua inarudi safi, na mwenye kuiandika hayumo tena.

Tuchukue mfano wa Kilo, mahali zahabu inachimbwa tangu zaidi ya miaka 100. Tuseme mkaaji anaandikia wakubwa hivi: «Mashini za hao watu ziliharibu muto wetu. Mayi ya kupikia hakuna tena. Lenga-lenga pembeni ya muto zilikauka.» Akili bandia inaweza kumrudishia: «Shughuli za uchimbaji zimeathiri upatikanaji wa maji na kilimo cha mboga.»

Hapo hakuna kosa la sarufi. Lakini «hao watu» wamepotea. Nani aliharibu? Mto ni wa nani? Mkubwa akisoma, hana mtu wa kuita ajibu.

Sababu ni nini? Programu hizi zilijifunza kutokana na maandishi mengi ya intaneti. Kiswahili kilicho kingi huko ni cha Tanzania na Kenya, na mara nyingi ni cha ofisi. Ndiyo maana «mayi» ao «sombe» inaweza kuonekana kuwa kosa, wakati ni lugha yetu ya kila siku.

Wazee wetu walituachia mfano mwingine. Mwaka wa 1965, huko Elisabethville, leo Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji kwa Kiswahili cha kwao, kwa niaba ya chama cha waliokuwa maboyi wa Wazungu. Mtafiti Johannes Fabian alipoichapisha mwaka wa 1990, hakuigeuza kuwa Kiswahili sanifu. Kwa kuielewa, ilibidi Kalundi Mango aisome kwa sauti.

Nasi tunaweza kufanya vile. Kwanza andika mwenyewe, kwa maneno yako, mbele ya kufungua programu. Majina ya mashahidi usiyaweke, sababu unachoandika kinatoka kwenye simu yako na kwenda mbali. Kisha uagize wazi: «Sahihisha herufi na nukta tu. Maneno yangu uyaache. Nionyeshe kila ulichobadilisha.» Mwishoni, soma kwa sauti mbele ya mtu anayejua jambo lile. Muulize: nani alifanya, wapi, lini, bado vimo?

Barua yenye makosa matatu ya herufi, lakini inayosema nani alifanya nini, ina nguvu kuliko ile safi isiyotaja mtu.