Hita ya Maji ya Kuoga: Umeme au Gesi?

Hita za umeme zinazotumika katika nyumba za Tanzania ni za namna mbili: ya papo hapo, inayopasha maji yanapopita kwenye shawa, na ya tangi, inayoyapasha na kuyahifadhi. Hita ya gesi ya mtungi kwa kawaida ni ya papo hapo. Mjadala kuhusu ipi ina nafuu mara nyingi huishia kwenye bei ya kununulia, ilhali gharama kubwa iko kwenye matumizi.

Kupasha lita 40 za maji, zinazomtosha mtu mmoja kuoga, kutoka nyuzi joto 20 hadi 40 hutumia karibu uniti moja ya umeme. Kwa gesi, kazi hiyo hula gramu 90 hivi, kwa sababu sehemu ya joto hupotea na moshi. Kwa hiyo kilo moja ya gesi ni sawa na uniti 10 hivi za umeme. Mteja wa shirika la umeme, TANESCO, wa kundi la bei la T1, anayelipa shilingi 350 na ushee kwa uniti pamoja na kodi, hapati nafuu ya maana kwa mtungi wa kilo 15 unaozidi shilingi 53,000.

Hesabu hubadilika kwa mteja wa kundi la D1, ambaye bei yake ni ndogo zaidi. Hata hivyo, kundi hilo ni la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Watu wanne wakioga maji ya moto kila siku, kuoga peke yake hupita uniti 100. Hita humtoa mteja kwenye nafuu ileile iliyomvutia.

Baada ya bei, nyumba yenyewe ina neno. Hita ya papo hapo ya kilowati 5.5 huvuta ampea 24, hivyo huhitaji waya mnene wa peke yake, swichi yake na ethi ya uhakika. Kuiunga kwenye waya wa taa ni kukaribisha moto au shoti. Pia hutoa lita nne tu kwa dakika maji yakipandishwa nyuzi 20. Katika baridi ya Njombe au Mbeya, shawa hulazimika kupunguzwa zaidi.

Hita ya gesi ina nguvu kubwa kuliko hiyo ya umeme, na nyingi huwashwa kwa betri, hivyo hufanya kazi umeme ukikatika, mradi maji hayategemei pampu. Lakini simtanki lililoinuliwa mita mbili tu linaweza kukosa msukumo wa kuiwasha hita. Hatari kuu ya hita ya gesi ni kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua kimyakimya katika bafu lisilopitisha hewa. Hita hiyo ifungwe nje, au iwe na bomba la kutolea moshi.

Basi familia kubwa ya nyanda za juu, yenye ukuta wa nje na maji yenye msukumo, ina sababu ya kuchagua gesi. Mpangaji, au familia ndogo ya Dar es Salaam ambako maji hayana baridi kali, inafaa ibaki na umeme, baada ya fundi kukagua waya na ethi.