Bima ya bei rahisi humgharimu mfanyabiashara mpakani

Kwenye foleni ya malori Namanga, Rusumo au Tunduma, wafanyabiashara wengi humwuliza wakala wa bima swali moja tu: bei gani? Ni nadra mtu kuuliza iwapo kampuni inayouza bima hiyo inapata faida, na inaipata wapi.

Swali hilo ndilo lenye uzito. Katika kila Sh100 za ada, sehemu hulipa fidia na nyingine huenda kwa mawakala, mishahara na gharama za ofisi. Fidia zikila Sh70 na gharama Sh40, kampuni imepata hasara ya Sh10 kabla ya kuhesabu mapato ya uwekezaji wake, kama vile hati fungani na amana za benki.

Faida basi hutegemea mambo yaliyo mikononi mwa kampuni yenyewe: kuchuja hatari inazokubali kubeba, kupanga ada inayolingana nazo, kubana matumizi, kuwa na mtaji wa kutosha na kununua bima mtawanyo ili ajali moja kubwa isiiangushe. Kampuni inayoshusha ada ili kunyakua wateja hukuza mauzo leo na madeni kesho.

Kenya ina funzo. United Insurance mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, zilizokuwa zikikatia bima magari ya abiria, ziliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na waliodai fidia wakaachwa wakisubiri. Rahisi huvunja upishi.

Kwa anayevuka mpaka, hatari ni kubwa zaidi. Kadi ya Njano ya COMESA, inayotumika tangu 1987 na ambayo Tanzania inashiriki ingawa si mwanachama wa COMESA, hulipia madhara yanayowapata watu wengine gari likiwa nchi ya jirani. Haigusi shehena. Mchele au vitenge vikiteketea, tegemeo la mwenye mali ni kampuni aliyoichagua mwenyewe kwa bima ya mizigo.

Faida ya kampuni ya bima si dhambi. Humo ndimo hutoka nguvu ya kumlipa mteja. Dhambi ni faida inayotokana na kuchelewesha fidia. Mamlaka za bima za nchi zote jirani zitangaze kwa Kiswahili, kila mwaka, ada, gharama, fidia zilizolipwa na madai yanayosubiri katika kila kampuni.

Hadi hapo, mfanyabiashara amwulize wakala: mwaka jana kampuni yenu ililipa fidia kiasi gani, na baada ya muda gani? Asiyeweza kujibu hastahili kupewa ada.