Fundi na Zana ya Kuazima

Imeenea miongoni mwetu, hata kwa baadhi ya wakuu wa kazi, dhana ya kwamba kijana anayetunga programu za kompyuta hafanyi kazi bali anacheza. Humwona ameinama mbele ya kioo, mara aandike mistari mitatu, mara aifute, mara aunde kijizana cha kumsaidia kuunda kitu kingine. Basi husema huyu anakula mshahara wa bure. Dhana hiyo si sahihi, na madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana.

Na tumtazame Linus Torvalds, aliyezaliwa Helsinki, nchini Ufini, mwaka 1969. Alijifunza kazi hii angali mtoto, kwa kompyuta ndogo ya babu yake aliyekuwa profesa wa takwimu. Mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alitangaza kwamba anaunda mfumo wa kuendeshea kompyuta, na mwenyewe akasema ni jambo la kujipumbaza tu. Mchezo huo ndio Linux, ambao kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android, ikiwemo ya mchuuzi wa samaki anayepokelea malipo yake pale sokoni.

Lakini leo hatukukusudia kuisifu Linux. Tulilokusudia ni zana. Kazi ile hufanywa na maelfu ya watu walioko nchi mbalimbali, na kila badiliko halina budi kuandikwa: nani kabadili nini, lini, na mabadiliko ya watu wawili yataunganishwaje yasigongane. Tangu mwaka 2002 walitumia kwa shughuli hiyo programu iitwayo BitKeeper, mali ya kampuni, ambayo waliruhusiwa kuitumia bila malipo kwa masharti. Wenzake kadhaa walinung'unika tangu mwanzo, wakisema si salama kazi ya wote kuwekwa ndani ya zana ya mmoja. Torvalds hakuwasikiliza, na hapo ndipo sisi tunapomlaumu. Mwezi Aprili 2005 ugomvi ulizuka, baada ya mtunzi mmoja kujaribu kuchunguza jinsi zana ile inavyozungumza na ghala lake, na kampuni ikaiondoa ruhusa. Ilikuwa haki yake, kwani mali ni yake. Ila wale maelfu walibaki kama maseremala walionyang'anywa randa mbao zingali juu ya meza. Wahenga walikwisha kusema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Torvalds akaiweka kando kazi yake kubwa, akaanza tarehe 3 Aprili kuandika zana ya kwake. Tarehe 7 Aprili zana hiyo ilikuwa tayari inahifadhi maandishi yake yenyewe, na mwezi Juni toleo la Linux namba 2.6.12 likatoka kwa kuitumia. Jina lake ni Git. Tusidhani kwamba wepesi huo ulishuka kutoka hewani. Miaka mitatu ya kutumia cha mwenzake ilikuwa imemfundisha barabara anachokitaka na asichokitaka.

Ubora wa zana hii waweza kufahamika hata kwa asiyewahi kugusa kompyuta. Katika daftari la hesabu la chama cha ushirika, kila ukurasa huanza kwa jumla iliyoletwa kutoka ukurasa uliotangulia; karani akichezea ukurasa wa tano, wa sita utamfichua. Git hufanya vivyo hivyo. Kila hatua ya kazi hupewa alama ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake pamoja na alama ya hatua iliyotangulia, hata ikibadilishwa herufi moja, alama zote zinazofuata hazilingani tena. Zaidi ya hayo, kwa kawaida kila mfanyakazi hubeba nakala ya daftari zima nyumbani kwake. Hakuna tena mwenye ghala awezaye kutia kufuli watu wakakaa nje. Mwezi Julai wa mwaka ule ule akamkabidhi Junio Hamano utunzaji wa zana hiyo, naye akarejea kwenye kazi yake.

Mtu huyu hupenda pia kupiga mbizi. Mwaka 2011, mitambo ya Linux ilipokuwa imefungwa kwa sababu ya kuvamiwa, aliutumia wakati huo kuandika programu ya kuwekea kumbukumbu za mbizi, Subsurface, ambayo baadaye nayo aliwaachia wengine. Miaka ya karibuni amekuwa akilehemu vifaa vya kubadilishia sauti ya gitaa, ilhali gitaa lenyewe hapigi! Wapo watakaocheka. Sisi tunaona ni mkono ule ule unaokataa kulala.

Siku hizi vijana wetu wamepata zana za akili mnemba, ambazo huandika programu kwa kuambiwa tu, na ambazo aghalabu hukodishwa kwa mwezi, kwa dola. Hatusemi zisitumike. Lakini tunamfahamu kijana mmoja wa mji huu ambaye malipo yake yalikataliwa mwisho wa mwezi, akakaa siku tatu mbele ya kazi aliyoikabidhi mwenyewe wiki iliyopita, asijue inakwendaje. Hakuwa mvivu. Tulipokuwa chuoni, mwalimu hakukubali tupokee kalamu iliyochongwa na mwingine mpaka tuwe tumekwisha kuchonga na kuharibu zetu kadhaa. Kijana huyu hakupewa hata wiki moja ya kuharibu.

Kwa hiyo tunawataka wakuu wa kazi wawaachie watunzi wa programu walio chini yao saa kadhaa kila juma za kuunda zana zao na kuzibomoa, bila kuulizwa faida ya siku ile. Na kwa wale wanaonunua programu kwa fedha za umma tuna swali moja kabla hawajatia sahihi: mwenye zana akifunga mlango, kazi yetu tutaitoa kwa njia gani? Jibu liandikwe ndani ya mkataba.