Injini Iliyofunguliwa Ipimwe Barabarani

Mwenye lori la Fuso mmoja wa Mamba, katika bonde la Rukwa, aliyepeleka gari mjini Mpanda kufunguliwa injini ameambiwa na gereji kwamba hana dai. Injini iliwaka, ikaachwa sailensa, bila mzigo, nusu saa, presha ya oili ikasoma vizuri, akasaini na kuondoka. Haukupita muda, gari likiwa na shehena ya mpunga, injini ikaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Gereji inasema iliikabidhi nzima. Mimi nasema haikujua kama ni nzima, kwa sababu haikuipima.

Wanaotetea kipimo cha gereji wana lao. Ndani ya karakana unapima kwa utulivu mgandamizo wa kila silinda na joto la maji, na ukirudia kesho unapata jibu lile lile. Barabarani kuna mashimo, ng'ombe na mafuta ya kulipia. Kwenye maabara kubwa kuna hata mitambo ya kuibebesha injini mzigo gari likiwa limesimama. Sawa, lakini nusu saa ya sailensa uani si maabara.

Tena hata maabara zenyewe zimewahi kudanganywa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walifunga vipimo kwenye magari ya dizeli ya Volkswagen wakayaendesha barabarani. Jetta ikatoa oksidi za naitrojeni mara 15 hadi 35 ya kiwango kilichoruhusiwa Marekani. Septemba 2015 kampuni ikakiri kuwa magari kama milioni 11 yalikuwa na programu inayotambua kipimo cha maabara na kujirekebisha. Miaka miwili baadaye Ulaya ikaanza kudai aina mpya za magari zipimwe barabarani pia.

Lakini kwa injini iliyofunguliwa kuna jambo zito zaidi, nalo ni ringi za pistoni. Silinda ikishachongwa, ukutani huachwa mikwaruzo myembamba iliyokatana, na ringi mpya lazima zisagane nayo mpaka zikae. Kinachozikandamiza ukutani ni presha ya gesi inayoungua juu ya pistoni: gesi hupenya nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Presha hiyo huletwa na mzigo. Injini ikiwa sailensa presha ni ndogo, ringi zinateleza juu ya oili, na oili inayoungua polepole inaacha utando unaong'aa na kuziba ile mikwaruzo. Utando ukishashika, ringi hazikai tena. Ni kufungua injini upya na kulipa upya. Kwa hiyo sailensa haithibitishi kazi ya fundi, na ikirefushwa inaiharibu. Kuendesha gari likiwa na mzigo, ukipandisha na kushusha mwendo, ni sehemu ya kazi yenyewe ya kuunda injini. Gereji isiyofanya hivyo imekabidhi kazi ambayo haijaisha, halafu inamdai mteja saini. Huko ni kumwibia mwenye gari.

Na barabara zetu hazina huruma. Kutoka Mamba kwenda Mpanda gari linapita Kibaoni, linakatisha Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kutokea Sitalike. Anayekwenda Sumbawanga anapanda kutoka bonde la Rukwa, ambako ziwa liko kama meta 800 juu ya usawa wa bahari, hadi mji uliozidi meta 1,700. Masika, kwenye tope jeusi, lori lililobeba linatambaa kwa gia ya kwanza, injini inalia na upepo haupiti vya kutosha kwenye rejeta. Gaskiti ya silinda hedi iliyokazwa vibaya itajulikana hapo, si uani.

Ndugu mwenye gari, kabla injini haijafunguliwa, andikianeni na fundi: gari litajaribiwa likiwa na mzigo, yeye mwenyewe akiwa ndani, oili ya mwanzo itamwagwa na kukaguliwa, na dhamana itahesabiwa kuanzia hapo. Gereji ikikataa kuandika hayo, peleka gari kwingine.