Ruta Haisomwi Dar Pekee

Makala iliyodai kwamba kijana wa Ntalikwa, Tabora, hawezi kuusomea mtihani wa mitandao ya kompyuta wa CCNA mpaka ahamie Dar es Salaam imepotoka. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, ni ya bure; ruta kumi za kuigiza zinakaa ndani ya laptopu moja. Asiyejua kwamba milango ya ruta hizo huja imefungwa atakagua anwani usiku kucha, kumbe dawa ni amri moja: “no shutdown”. Kosa hilo halichagui mji.

Tena kugawa njia, ambayo ndiyo kazi ya ruta, si jambo geni Tabora. Misafara ya Bagamoyo ilifika hapa, mmoja ukashika njia ya Ujiji, mwingine ya Karagwe. Reli nayo hugawanyika hapa: Kigoma na Mwanza.

Mwenye huruma na kijana huyu ampe kompyuta, asimpe nauli.