Dado na Akili: Tucheze Nini Nyumbani?



Mvua za huku kwetu Kibondo na Kasulu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei. Jioni za miezi hiyo ni za baridi, familia zimo ndani, na katika baadhi ya nyumba ubao wa ludo huwekwa mkekani: rangi 4, kete 16 na dado. Wengi husema, "Hatuchezi kwa pesa, kuna ubaya gani?" Swali hili linastahili hoja, si makaripio.

Ni vyema ikaeleweka kwamba suala la dado halikuanza na ludo. Waajemi walikuwa na nardashiri: kila mchezaji hupanga kete 15 katika mistari, na dado 2 ndizo huamua zisogee hatua ngapi. Mtume (S.A.W.) aliukemea vikali mchezo huo katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Buraida (R.A.), na humo pesa hazikutajwa. Ndiyo maana wanachuoni wengi wameuharamisha hata pasipo kamari, ingawa wapo waliosema ni makuruhu. Mashafii wakaweka kipimo: mchezo unaotegemea fikra si sawa na unaotegemea kubahatisha.

Kipimo hiki kina hekima. Aliyeshindwa drafti huona ni kete gani aliiacha wazi, na kesho atajilinda. Aliyeshindwa ludo kwa kukosa sita atajifunza nini, zaidi ya kulaumu bahati? Kweli, ludo ina fikra kidogo ya kuchagua kete ya kusogeza, lakini mwenye amri ni dado. Na mtoto aliyezoea kuisubiri sita ni rahisi kushawishiwa aiwekee shilingi mia.

Hata hivyo, mzazi anayekaa chini na wanawe anafanya jambo kubwa. Tukiondoa ludo bila badala, watoto watahamia kwenye simu, na ludo imo humo pia. Rai yangu: iondoke dado, ubaki ubao. Ipo drafti ya vizibo vya soda, 12 kila upande. Lipo bao la kete 64. Au chora mraba chini, kila mmoja ashike mawe 3, atakayeyapanga mstari mmoja ndiye mshindi. Pasiwe na dau wala matusi, na adhana ikisikika, mchezo usimame.

Basi ukifika nyumbani, usimpokonye mdogo wako ludo. Mfundishe kwanza ulio bora.

Wabillahi tawfiq.